Vidonge Katika Chupa ya Mafuta ya Samaki

Nga Sơn, 19 Agosti 2018

Mama mdogo Khuê,

Shikamoo. Natumaini uko mzima huko Singapore na kwamba bomba la juu ya kitanda chako limeshatengenezwa. Huku tumeanza kukata ndago za kufumia mikeka, za msimu wa pili. Barabara yote kutoka mferejini mpaka sokoni imeanikwa ndago na pikipiki zinapita juu yake kama kawaida. Baba mkubwa Toản amenunua nguruwe wawili. Bi Hợi wa jirani anakusalimia na anauliza kama umeshaolewa au bado unalala na vichupa vyako vya maabara. Nilimwambia sijui.

Nimepata nafasi ya kusoma biolojia Hanoi. Mama alichinja bata, akawaita majirani, akanifanya nisimame mbele yao nisomewe alama zangu kwa sauti. Nilitamani kuingia chini ya mkeka. Siku ya tatu tulikuwa tunafuma, yeye akigonga ubao na mimi nikichomeka ndago kwa fimbo, akasema bila kugeuka, "Kaa na mimi mwaka huu mmoja tu. Hiki kifua kikishapona utaenda." Nikasema ndiyo. Chuo kimekubali kunishikia nafasi mpaka Februari kwa sababu ya ugonjwa nyumbani, lakini hilo sijamwambia mtu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yetu ni moja na inakaa kwenye mfuko wa mama. Ukipiga, anaweka sauti ya juu ili nyumba nzima isikie, na mimi mbele ya nyumba nzima nashindwa hata kusema nimekula. Barua zako nitazifuata mwenyewe posta.

Kikohozi kimerudi. Kilikuwa kimeondoka kabisa tangu alipoanza vidonge mwaka jana, hata nilisahau kilivyokuwa. Sasa kila mkeka mmoja anasimama mara nne au tano. Kila Jumatatu bado nafanya kama baba mkubwa alivyonielekeza: natoa vidonge kwenye boksi, naviweka kwenye ile chupa ya mafuta ya samaki, boksi naliunguza jikoni. Mama bado anaamini ana kovu la kifua kikuu cha zamani na kwamba hivi ni vya kusafisha mapafu. Sijakosea hata mara moja. Unakumbuka niliapishwa mbele ya madhabahu ya marehemu baba kwamba mdomo wangu hautamwambia.

Nataka kukuuliza vitu viwili. Vidonge hivi vinafanya nini hasa ndani yake? Na vinafanya kazi kwa muda gani?

Mwanao,
Miên

*

Singapore, 6 Septemba 2018

Mwanangu Miên,

Marahaba. Bomba limetengenezwa, sasa linavuja upande wa pili. Hongera sana kwa biolojia. Mwambie Bi Hợi kwamba vichupa havikoromi.

Swali lako la kwanza nalijibu kwa furaha, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Unavijua vipaza sauti vya kijiji vilivyo juu ya nguzo, vinavyotuamsha saa kumi na moja alfajiri? Kila seli ya mwili ina nguzo kama hizo kwenye ngozi yake. Ujumbe unatoka nje: kuna kidonda, gawanyika, ziba. Nguzo inaupokea na kumpa wa kwanza ndani, wa kwanza anampa wa pili, mkono kwa mkono, mpaka kwenye kiini cha seli, ambako amri inatekelezwa. Kazi ikiisha, nguzo inanyamaza. Hiyo tunaiita njia ya ishara.

Sasa kumbuka ule mwaka swichi ya ofisi ya kijiji iliponasa, na kipaza sauti kikatangaza siku tatu kwamba watu wafuate mbolea. Mbolea ilikuwa imeisha siku ya kwanza, lakini wazee waliendelea kwenda na magunia. Ndivyo zilivyo seli za mama yako zilizoharibika. Nguzo moja imepinda kidogo, herufi moja tu imekosewa katika maandishi yake, na inapiga kelele gawanyika, gawanyika, bila mtu yeyote kuiambia. Kidonge kinaingia kwenye kijitundu ambamo nguzo inapata nguvu zake, kinakaa hapo, na kelele zinakoma. Ndiyo maana kikohozi kiliondoka haraka vile. Kwa wanawake wa kwetu wasiovuta sigara nguzo hiyo ndiyo inayopinda mara nyingi, na ndiyo maana wengi duniani wanaisoma.

Mpelekeni akapigwe picha ya kifua. Msichelewe.

Barua ni ndefu na naitwa. Kula vizuri.

Mama mdogo wako,
Khuê

*

Nga Sơn, 2 Oktoba 2018

Mama mdogo,

Shikamoo. Sote tuzima isipokuwa nguruwe mmoja. Kimbunga kilipita mbali, kikaangusha migomba tu. Mama anasema ahsante kwa mafuta ya kupaka usoni uliyomtumia. Chunusi alizoletewa na vidonge zimetulia kidogo. Bi Hợi alikuja akamtazama akamwambia, "Nhàn, mwenzetu umerudi kuwa mwari. Nasikia na posa zimeanza kuja." Mama akamjibu, "Zimekuja mbili, zote nimezielekeza kwako, nimeambiwa una njaa." Walicheka mpaka mama akakohoa, halafu hakuna aliyecheka tena.

Picha imepigwa. Daktari alimwita baba mkubwa chumba cha pembeni, na mimi niliingia kwa sababu ndimi ninayeandika maelezo. Uvimbe uliokuwa umesinyaa umeanza kukua tena, na kuna maji kidogo upande wa chini. Akasema zile seli zimejifunza. Wamechukua damu waitafute sababu. Mama tulimwambia kovu limepata unyevu.

Nimeielewa nguzo. Nimeichora kwenye daftari, ninajua jina la kila anayepokea ujumbe mpaka kwenye kiini, naweza kuyasema bila kutazama. Ninalofikiri wakati wa kufuma ni hili: sisi tumeziba mdomo wa nguzo, basi zenyewe zimepita wapi?

Tena hukunijibu swali la pili.

Miên

*

Singapore, 25 Oktoba 2018

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata nakala ya majibu ya damu uliyonitumia baadaye. Yamesema hakuna kilichoonekana. Usifurahi na usilie. Damu ikionyesha kitu, kipo. Isipoonyesha, maana yake haikuonyesha tu. Ni kama kuchota maji ya mfereji kwa kikombe ukitafuta samaki.

Zimepita wapi? Kuna njia kama mbili kuu. Ya kwanza, nguzo ileile imebadilisha kijitundu chake, herufi nyingine moja imegeuka, na kidonge hakikai tena. Kwa hiyo kuna kidonge cha pili, kimetengenezwa kwa umbo jipya, na hospitali za kwetu zinacho. Ya pili, nguzo ile imenyamaza kweli lakini nguzo nyingine ya jirani imeanza kupiga kelele, na ujumbe unaingia njia ya pembeni mpaka kwenye kiini kilekile. Hapo kidonge cha pili hakisaidii kitu, inatakiwa dawa nyingine kabisa. Ukikisia, ukakosea, unapoteza miezi.

Kwa hiyo inahitajika sindano ndefu ya kifuani, kutoa kipande kidogo cha uvimbe wenyewe. Ni nusu saa. Si operesheni. Daktari atakubali ukimwomba. Mama lazima alale bila kujitikisa na aweke saini yake.

Mwambieni ni kipimo tu.

Najua una swali. Acha kwanza tupate sindano.

Khuê

*

Nga Sơn, 14 Novemba 2018

Mama mdogo Khuê,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sina habari za mavuno leo.

Mama amekataa. Tulikwenda hospitali, muuguzi akamvalisha gauni, daktari akamwonyesha mahali pa kulala. Mama akaketi pembeni ya kitanda akauliza, "Kovu linachomwa sindano ya nini?" Daktari akamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akatazama dirisha. Mama akasema, "Kovu halitibiwi, linazeeka na mtu. Mume wa Bi Hợi alichomwa sindano hiyohiyo, wiki mbili tukamzika. Nipeni nguo zangu." Akavaa, akatembea mpaka kituo cha basi, sisi nyuma yake.

Nyumbani nilimfuata baba mkubwa bandani kwa nguruwe. Unajua mimi na kuongea. Nilisimama pale mpaka akamaliza kumwaga pumba, ndipo nikamwambia kwamba bila kujua ugonjwa wake mama hatalala kwenye sindano, na bila sindano hakuna kidonge cha pili. Akasema, "Na afadhali. Chuma kikiugusa ugonjwa huo, unaamka. Kila mtu anajua." Nikamwambia wewe umesema sio kweli. Akaweka ndoo chini. Akasema, "Huyo Khuê wako? Mwulize nani alipiga simu siku ile ya kwanza. Mimi nilitaka kumwambia shemeji. Nilikuwa nimeshavaa shati. Khuê ndiye aliyelia kwenye simu saa nzima, akasema nimkanye kila mtu, na mtoto aapishwe. Aliyesema uapishwe si mimi."

Mwaka wote huu nimekuwa nikimchukia baba mkubwa.

Mama anasema mkeka ninaofuma siku hizi una mawimbi, ananiuliza kama nimeanza kupenda mtu. Nakaa naye bega kwa bega saa nane kwa siku, na ninajua majina ya nguzo zake zote, na yeye anajua kovu. Sijui nimwendee nani. Niambie kama baba mkubwa amesema kweli.

Miên

*

Nga Sơn, 20 Desemba 2018

Mama mdogo,

Nimekwenda posta mara tisa. Mhudumu sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika kwenye kaunta. Kwenye simu Jumapili uliongea na mama juu ya bei ya ndago dakika ishirini.

Hawezi tena kugonga ubao. Nagonga mimi na yeye anachomeka.

Miên

*

Singapore, 22 Desemba 2018

Miên,

Baba mkubwa wako amesema kweli.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilikuwa nafika kwenye salamu, natoka naenda kazini hata siku za mapumziko. Leo naandika bila salamu, unisamehe.

Bibi yako, mama yetu, alikuwa na saratani ya tumbo. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata shahada, msomi wa kwanza wa ukoo, nimerudi kutoka Hanoi na vitabu vyangu kwenye begi. Dada Nhàn na wajomba walikuwa wamemficha ugonjwa wake. Mimi niliona ni ujinga. Siku ya pili ya kufika, watu wote wakiwa shambani, nilikaa kitandani kwake nikamweleza kila kitu, hata picha nikamchorea. Alinisikiliza vizuri. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akageukia ukuta. Hakula tena. Siku ya kumi na moja akafariki.

Sijawahi kumwambia dada yangu. Anafikiri ugonjwa ulikuwa na haraka.

Kwa hiyo habari za Nhàn ziliponifikia, niliona ukuta uleule. Nilijua vidonge vitafanya kazi, nilijua vizuri kuliko daktari wenu, na nikajiambia nitanunua muda, kisha tutaona. Nilikuapisha wewe kwa sababu wewe ndiye unayefanana nami. Ungeenda na daftari lako ukamchorea.

Swali lako la pili. Nimelikwepa kwa sababu jibu lilikuwa limeshafika kabla hujauliza. Kwa wengi kidonge cha kwanza hufanya kazi miezi kumi, kumi na moja hivi. Ulipoandika kwamba kikohozi kimerudi, nilihesabu kwenye vidole.

Siwezi kukuambia umwambie. Siwezi kukuambia usimwambie. Ninajua hilo si jibu la mtu mzima kwa mtoto. Kila wiki inayopita bila sindano ni wiki ya seli, si yetu.

Ukimwambia, angalia kama anakula.

Khuê

*

Nga Sơn, 13 Januari 2019

Mama mdogo Khuê,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima na mama yupo hapa nje anamkaripia muuza samaki.

Barua yako ilifika tarehe tatu. Niliisoma posta nimesimama, nikaisoma tena njiani, nikaiweka chini ya gunia la mchele. Siku mbili sikufanya kitu. Nilikuwa na kiapo upande mmoja na ukuta wa bibi upande wa pili, na kati yake hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha fimbo ya ndago.

Jumapili baba mkubwa alikwenda harusini. Mama alikuwa uani anapanga nyuzi za katani kwenye kitanda cha kufumia. Niliwasha ubani, nikashusha kutoka madhabahuni sahani na zile sarafu mbili za kumwuliza marehemu, zilizopakwa chokaa upande mmoja, nikamwomba baba anifungue kiapo, nikazirusha. Unajua inavyokuwa: nyeupe moja na nyeusi moja, amekubali. Mara ya kwanza zikaanguka nyeupe mbili, ananicheka. Mara ya pili nyeusi mbili, amekataa. Mara ya tatu nyeusi mbili. Baada ya tatu huruhusiwi kuuliza tena siku hiyo. Nilibaki nimepiga magoti. Nilifikiri, basi, imefungwa. Hata baba hataki.

Nikasikia nyuma yangu, "We mtoto, unamsumbua nini baba yako? Sarafu zinalia humu kama soko."

"Hamna kitu, mama."

"Hamna kitu mara tatu?"

Nikaziokota sarafu. Akaingia, akaketi kwenye kizingiti ili apumzike, kwa sababu siku hizi kutoka uani mpaka sebuleni anahema.

"Umepata mimba?"

"Hapana, mama."

"Chuo wamekunyang'anya nafasi?"

"Hapana."

"Mtu kakufanyia kitu?"

"Hapana."

Akavua ndala moja akatoa kijiti kilichonasa, akaivaa tena. Akasema, "Basi kama si wewe, ni mimi. Sema."

Nikasema. Mama mdogo, nilisema vibaya sana. Kwa miezi mingi nilikuwa nimepanga maneno na yote yalikimbia. Nilianzia katikati, kwenye kipaza sauti na mbolea. Nikarudi kwenye nguzo, nikaruka kwenye sindano. Mama alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya lugha nyingine. Kisha akauliza, "Hicho kipaza sauti, ugonjwa wake unaitwaje?"

"Saratani, mama. Ya mapafu."

"Tangu lini?"

"Agosti, mwaka juzi."

Akainuka. Sikujua anakwenda wapi. Alipita mbele ya kitanda chake na ukuta wake akaingia jikoni, nami nikamfuata. Nilimkuta amesimama mbele ya sufuria, anakula wali wa jana kwa mchuzi wa samaki, kwa mkono, haraka. Nilitaka kulia lakini niliogopa ataacha.

Akiwa bado anatafuna akasema, "Vile vya kwenye chupa ya samaki."

"Ndiyo, mama. Ndivyo dawa yenyewe."

"Viwili nilimpa Hợi. Alikuwa anakohoa."

"Lini?"

"Mwezi wa sita. Akahara siku mbili, akasema ni kaa aliowanunua kwa Thìn sokoni. Mpaka leo hawasalimiani." Akaweka kifuniko. Nilifikiri anacheka, mabega yalikuwa yanatikisika, lakini hakuwa anacheka. Nilimshika mkono. Tulikaa sakafuni pale jikoni mpaka ubani ukaisha sebuleni.

Alipotulia ndipo hasira zikaja. Hakupiga kelele, unajua pumzi hana. Alisema, "Nilikwambia ukae mwaka mmoja kwa sababu nilijua mwaka si kitu. Mngeniambia, ningekufukuza siku ileile bata hajaiva. Mmenifanya nimeze mwaka wako kama kidonge." Nikamwambia nafasi yangu Hanoi ipo mpaka Februari. Hapo akahesabu kwa vidole wiki zilizobaki.

Akasema, "Hiyo sindano yenu. Nitalala. Lakini utaandika barua ya chuo kwanza, useme unakwenda, na uniletee risiti ya posta. Hakuna risiti, hakuna sindano."

"Mama, nani atakaa na wewe?"

"Hợi. Ana deni la vidonge viwili."

Niliomba, nililia, nilimwambia sitaki biolojia tena. Akasema, "Unazifungia seli zangu milango, na mimi unanifungia mlango. Chagua mmoja." Kwa hiyo nilikwenda posta. Mhudumu alidhani nimekuja kuuliza barua zako, akatikisa kichwa.

Baba mkubwa aliporudi, na tai yake ya harusini, mama alimngoja mlangoni. "Shemeji, chuma kitanigusa Alhamisi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kumlilia ndugu yako, madhabahu ile pale, mwambie umemshindwa mkewe." Alikuja. Nusu saa nzima alikaa nje ya chumba ameshika ndala za mama mapajani, kwa mikono miwili, kama trei. Mimi wakati huo niliona aibu kwa yote niliyomfikiria.

Kabla hajalala mama alimwuliza daktari, "Ni kijitundu kimebadilika au ni nguzo ya jirani?" Daktari alinigeukia mimi. Nilitazama sakafu.

Majibu ni baada ya wiki mbili na nusu. Mama anasema uyasome wewe, halafu umwandikie yeye, si mimi. Na anasema uandike yote. Barua yako ya Desemba sijamwonyesha. Hilo la bibi ni lako.

Mwanao,
Miên

*

Singapore, 9 Februari 2019

Dada Nhàn,

Heri ya mwaka mpya wa kwetu. Natumaini mlipika keki za mchele za kutosha na kwamba Miên hakuchomwa na mvuke kama mwaka ule.

Nimeyasoma majibu mara tatu, nikampa mwenzangu hapa ayasome bila kumwambia ni ya nani. Ni kijitundu. Nguzo ileile, herufi mpya moja, mahali palepale inapobadilika kwa wengi. Kidonge cha pili kinakufaa. Daktari wenu ameshapata barua yangu, utaanza wiki hii. Chunusi zitapungua. Kikohozi naamini kitapungua kabla ya mwezi kwisha.

Umesema niandike yote. Kwa wengi kidonge cha pili hufanya kazi miezi kumi hivi. Wengine mwaka, wengine zaidi, wengine chini yake. Halafu seli hutafuta njia ya tatu. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyo mezani kwangu. Nina sahani za seli zilizofika huko, nazilisha, nazihesabu, naziba upande mmoja zinatokea mwingine. Tuko watu kumi na wawili katika chumba hiki na wengi zaidi katika nchi nyingine. Mpaka leo asubuhi hatujaipata. Sitakuahidi.

La mwisho. Mama hakufa kwa haraka ya ugonjwa. Nilimwambia mimi. Ninyi mlikuwa shambani. Nilimwambia kila kitu, akageukia ukuta, akaacha kula. Ndiyo maana nilikuficha wewe. Miaka kumi na tano nimekaa mbali nikisema ni kazi.

Mdogo wako,
Khuê

*

Nga Sơn, 24 Februari 2019

Mama mdogo Khuê,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya mwisho kutoka hapa. Basi la Hanoi ni kesho saa mbili asubuhi. Mama ameshanifungia mikeka miwili na kilo tano za mchele, kana kwamba Hanoi hakuna mchele. Leo ni siku yake ya kumi na mbili na kidonge kipya. Anakimeza kutoka kwenye boksi lake, lenye jina lake. Jana alifuma mkeka nusu akasimama mara moja. Siandiki zaidi ya hapo.

Barua yako nilimsomea kwenye kitanda cha kufumia. Bi Hợi ndiye aliyekuwa anachomeka, kwa sababu anajifunza, na anachomeka vibaya sana. Nilitaka kungoja aondoke, mama akasema, "Soma. Ameshakula dawa yangu, huyu ni mgonjwa mwenzangu." Nikasoma yote, hata miezi. Nilifika mwisho.

Kwenye miezi mama aliendelea kugonga. Kwenye habari za bibi aliacha. Bi Hợi akanitazama, mimi nikatazama nyuzi. Mama akaniambia nichukue kalamu, na hivi ndivyo alivyosema, sijaongeza neno:

"Khuê. Mama hakuacha kula kwa sababu ulimwambia. Uji ulikuwa unarudi siku ishirini kabla hujashuka kwenye basi. Nilikuwa namlisha mimi, nafua mimi, wewe ulikuwa Hanoi na hatukukuambia kwa sababu ulikuwa na mitihani. Tulikuficha. Siku uliyomwambia, jioni alinishika mkono akasema, afadhali yule mdogo, amenieleza kitu nikaelewa. Akageukia ukuta kwa sababu upande ule ndio uliokuwa haumuumi."

Nikamwuliza kama nimalizie hapo. Akafikiri. Akagonga mara mbili, akamrekebisha Bi Hợi kidole kwa kidole.

"Mwambie nimezisikia hesabu zake. Kumi hivi. Sasa aache kuandika barua, arudi kwenye meza yake ya seli."

Mwanao,
Miên